Kiti cha Nyuma: Historia Fupi ya Pikipiki Ninayotaka Kuikata

Najua niliahidi sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata, nayo itakuja, msinichoke. Lakini leo nataka tutoke nje ya kompyuta kidogo, twende uani kwetu hapa Mtopanga, chini ya mwarobaini, ambapo kuna Honda CG125 imefunguliwa tumbo tangu mwezi uliopita.

Pikipiki hii ni ya mjomba wangu. Aliinunua mwaka 1983 kutoka kwa mtu, ikiwa tayari imetumika, akaenda nayo kazini kwa zaidi ya miaka ishirini: kutoka hapa Mtopanga, akashika barabara ya Malindi, akavuka daraja la Nyali mpaka mjini. Daraja lenyewe lilikuwa jipya wakati huo, lilifunguliwa mwaka 1980 likachukua nafasi ya lile la kuelea la mwaka 1931. Kisha pikipiki ikafa kama zinavyokufa pikipiki, kidogo kidogo. Kwanza taa, halafu betri, halafu kabureta, mwisho ikawa mahali pa kuku kulala. Mwaka huu akaniambia, "Ichukue mwanangu. Mimi magoti yangu hayataki tena."

Sasa mimi nilikuwa na mpango wangu tayari. Kwa miaka mingi nimekuwa nikitazama picha za pikipiki za zamani zilizogeuzwa kuwa kile Waingereza wanachokiita kwa jina ambalo kinywani mwetu ni kaferesa, yaani mkimbiaji wa mkahawani. Mikono imeteremshwa chini, madigadi yamekatwa, tangi limenyooka, na nyuma kuna kiti kifupi cha mtu mmoja chenye nundu. Nikachora kwenye laptopu, nikapaka rangi, nikamwendea mjomba baada ya sala ya Isha nikamwonyesha.

Akavaa miwani. Akatazama sana. Akasema, "Nzuri." Halafu akaweka kidole pale kwenye nundu. "Sasa hapa mama angekaa wapi?"

Mama anayemtaja ni nyanya yangu. Alikuwa na kisukari, na kila mwezi mjomba alimpeleka kliniki kwa pikipiki hii, amekaa upande na leso zake mbili, mkono mmoja umeshika keria. Alifariki mwaka 2011. Kwa hivyo swali la mjomba halikuwa swali la kujibiwa. Lakini mimi nilirudi chumbani nikashindwa kulala, na badala ya kufanya kazi ya mteja nikaanza kujiuliza: hivi hao Waingereza, wao abiria wao walikwenda wapi? Kiti cha nyuma kilitoka vipi? Ndugu msomaji, makala haya ni jibu nililolipata.

Tuanze London. Kule kaskazini-magharibi ya mji, kwenye barabara ya North Circular, kulijengwa mkahawa mwaka 1938 ukiitwa Ace Cafe. Ulikuwa wa madereva wa malori, wa chai na mayai, unakaa wazi usiku. Msiwafikirie watu wakubwa. Fikirieni vibanda vyetu vya Mariakani ambapo malori ya Nairobi yanasimama. Wakati wa Vita vya Pili ukapigwa bomu, ukajengwa upya mwaka 1949. Katika miaka ya 1950 vijana wakaanza kuja pale na pikipiki. Walikuwa wafanyakazi wa viwandani na wanagenzi wa ufundi, watoto wa makabwela, ambao kwa mara ya kwanza baada ya vita walikuwa na mshahara wa kubaki mfukoni. Raha yao ilikuwa ni kufika maili 100 kwa saa, yaani kilomita 160. Simulizi maarufu inasema walikuwa wakitia sarafu kwenye mashine ya muziki, wanatoka mbio mpaka mahali fulani na kurudi kabla ya wimbo kwisha. Wengine husema hiyo imetiwa chumvi. Mimi siwezi kuamua, lakini mbio zilikuwepo, na makaburi yalikuwepo.

Hizo pikipiki hawakuzinunua zikiwa vile. Zilikuwa pikipiki za kawaida za Uingereza: Triumph, BSA, Norton. Kijana alichukua aliyonayo akaanza kutoa. Akatoa mikono mirefu akafunga mifupi chini, ili alale juu ya tangi na kukata upepo. Akatoa madigadi mazito na keria. Akatoa kiti cha watu wawili. Kila kilo iliyotoka ilikuwa kasi iliyoongezeka bila kununua injini nyingine. Sisi tunaoandika programu tunaijua raha hii: siku unayofuta mistari elfu moja na kitu kikaendelea kufanya kazi, tena kwa haraka zaidi.

Wenye ujuzi zaidi walikwenda mbali. Norton walikuwa na fremu iliyobuniwa na Rex McCandless, fundi wa Belfast, ikaingia mashindanoni mwaka 1950 na kupewa jina la Featherbed, kitanda cha manyoya, kwa vile ilivyotulia kwenye kona. Triumph nao walikuwa na injini ya silinda mbili iliyotokana na kazi ya Edward Turner ya mwaka 1937. Vijana wakaivua Norton injini yake, wakatia ya Triumph, wakaita Triton. Hakuna kampuni iliyoidhinisha jambo hilo. Lilikuwa jua kali, miaka mingi kabla sisi wenyewe hatujazoea kulitumia neno hilo.

Lakini swali la mjomba bado. Abiria alikwenda wapi?

Hapa ndipo nilipokutana na mwaka 1959, na nikakaa wima kitandani. Kabla ya mwaka huo, pikipiki Uingereza ilikuwa usafiri wa familia maskini. Baba anaendesha, mama na watoto wako kwenye kigari cha pembeni kilichofungwa kwa nondo. Pikipiki ya namna hiyo huwezi kuinyoa, maana familia nzima imo ndani yake. Kisha mwaka 1959 ikatoka gari ndogo iitwayo Mini, ya bei ya chini kidogo ya pauni 500, yenye paa, milango na viti vinne. Mwaka huohuo mauzo ya pikipiki mpya Uingereza yakafika kilele, halafu yakaanza kuteremka. Familia zikahamia kwenye magari.

Ndiyo siri yake. Pikipiki ya Kiingereza ilipoteza kiti cha nyuma kwa sababu watu wa kiti cha nyuma walikuwa wamepata pengine pa kukaa. Aliyebaki juu ya pikipiki ni kijana mmoja asiye na mke, na kwa yule, kiti cha mtu mmoja kinatosha kabisa. Mwaka huohuo wa 1959 Triumph wakatoa Bonneville ya kuwapa kasi waliyoitaka. Na tena mwaka huohuo kanisa moja la Hackney Wick likafungua klabu ya vijana iliyoitwa 59 Club. Miaka mitatu baadaye kasisi wake, Bill Shergold, akawaendea wenye pikipiki pale Ace akawakaribisha kwake, wakati magazeti yalikuwa yakiwaona kama majambazi tu.

Kuna jambo jingine la 1959, na hili ndilo linalotuleta Mtopanga. Mwaka huo, kwenye mashindano ya kisiwa cha Man, kampuni ya Kijapani ambayo wengi Ulaya hawakuijua ilileta pikipiki ndogo za cc 125. Hawakushinda mbio, lakini waliondoka na tuzo ya timu. Kampuni hiyo ilikuwa Honda. Miaka kumi baadaye, 1969, Honda wakatoa CB750: silinda nne, breki ya diski mbele, inawashwa kwa kitufe, na haivujishi oili sakafuni. Mwaka huohuo Ace Cafe ukafungwa. Waingereza walikuwa wameshachelewa. BSA ikamezwa mwaka 1973. Kiwanda cha Triumph cha Meriden, ambacho mwishowe kiliendeshwa na wafanyakazi wenyewe kama ushirika, kikafilisika mwaka 1983. Ndio mwaka ambao mjomba wangu, bila habari yoyote ya Meriden, alikuwa akihesabu noti zake kununua Honda.

Sasa Honda aliyoinunua haikuwa CB750. Ilikuwa CG125, na hii ina historia yake ambayo sioni ikisimuliwa sana, ingawa mimi naiona nzuri kuliko ya Ace.

Katika miaka ya 1970 Honda walikuwa na pikipiki ndogo za kisasa ambazo kemshafti yake, yaani mtaimbo unaofungua vali, iko juu kabisa kichwani mwa injini, inazungushwa na cheni yake. Ni mpango mzuri kwa kasi, lakini unadai oili safi na matengenezo ya wakati. Katika nchi nyingi zetu oili ilikuwa inabadilishwa siku pesa zikipatikana, na pikipiki ya mtu mmoja ilikuwa inabeba watatu pamoja na gunia. Mwaka 1976 wakaleta CG125, na ndani yake walikuwa wamerudi nyuma kwa makusudi: kemshafti iko chini, na fito mbili za chuma zinapanda juu kusukuma vali. Ni mpango uleule wa fito wa Triumph na BSA, uliokuwa ukionekana umepitwa na wakati! Hakuna cheni ya kukaza mle. Tena waliurahisisha zaidi: nundu moja tu ya kemshafti inasukuma vali zote mbili. Kuna wavu wa oili ambao unautoa, unauosha, unaurudisha. Na cheni ya gurudumu la nyuma imefunikwa yote kwa bati, vumbi lisiingie.

Nilipoifungua hii ya mjomba na fundi wangu, tulikuta ringi zimekwisha na silinda ina mikwaruzo, lakini ile kemshafti na fito zake zilikuwa bado zinatumika. Fundi akapangusa fito moja kwa shati lake akaiangalia kwenye jua kama mtu anayepima dhahabu. "Hii imenyooka," akasema. Baada ya miaka zaidi ya arubaini. Mimi nimeandika programu ambazo hazikufika miezi arubaini.

Nguvu zake ni farasi kama 11 tu. Ile kilomita 160 ya vijana wa London hii haitaiona hata nikiiteremsha mlima wa Mazeras na upepo mgongoni. Lakini yule aliyeichora hakuwa anafikiria kasi. Alikuwa anafikiria mtu kama mjomba, na barabara kama ya Mtopanga kabla haijawekwa lami, na nyuma yake mtu kama nyanya.

Na hapa pana kitu ambacho kilinifanya niache kuandika nikazunguka ua. Katika miaka ileile ya 1960, wakati kijana wa London anafungua bolti za kiti cha nyuma anakitupa, kijana mwingine huku kwetu, mpakani Busia kati ya Kenya na Uganda, alikuwa anafanya kinyume chake. Alichukua baiskeli, akaweka mto juu ya keria, akaanza kuwavusha watu na mizigo kutoka mpaka mmoja hadi mwingine. Ndiyo asili ya jina bodaboda. Wote wawili walikuwa vijana wa hali ya chini, wote walichukua chombo cha kawaida wakakibadilisha kwa mikono yao bila kumuuliza aliyekitengeneza. Mmoja akaondoa kiti apate mbio. Mwingine akaongeza kiti apate mkate.

Yaliyofuata mnayajua kwa sababu yanapita mbele ya mlango wenu. Injini ya CG ikawa rahisi kuigwa, na viwanda vya China vikaiga kwa wingi, cc 125, 150 na kuendelea. Mwaka 2008 serikali ya Kenya ikaondoa kodi kwa pikipiki za chini ya cc 250, na mafuriko yakaanza. Sio zote ni za ukoo wa CG. Boxer, kwa mfano, imetoka India na ina nasaba yake. Lakini nyingi ya zile za Kichina zilizojaa stejini, ukivua kifuniko utakuta fito zilezile. Fundi wangu alipohitaji gasketi ya pikipiki ya mjomba, hakwenda kutafuta spea za kale. Alikwenda dukani hapo barabarani, akarudi baada ya robo saa na gasketi ya pikipiki ya bodaboda. Ikaingia.

Tazameni basi mafundi wetu wanavyozifanya. Pikipiki inatoka dukani, kabla haijabeba abiria inapelekwa kwa mchomeleaji. Inaongezwa gadi la chuma mbele. Inaongezwa keria ya kubeba kreti za soda au madumu manne ya maji. Kiti kinarefushwa na kushonwa upya kwa plastiki yenye jina la mtoto wa mwenyewe. Wengine wanaweka mwavuli mzima. Kila kitu ni kuongeza. Ukimwambia dereva wa steji ya Mtopanga aondoe kiti cha nyuma apunguze uzito, atakuuliza kama umelala vizuri.

Kule Uingereza nako hadithi haikuisha. Ace Cafe ulifunguliwa tena rasmi mwaka 2001, na tangu hapo kaferesa imekuwa fasheni duniani. Royal Enfield, ambayo nasaba yake ni ya Redditch na ambayo India imeitengeneza tangu mwaka 1955, ilirudisha jina la Continental GT mwaka 2013 na kuziuza zikiwa tayari zimenyolewa kiwandani. Mimi sina ubaya nazo. Lakini ile ya asili haikununuliwa dukani. Ilikuwa mtu, pikipiki aliyonayo, na anachokihitaji.

Turudi uani. Fundi alikuwa ameshachora mstari mweupe kwa chaki kwenye mkia wa fremu, pale nilipomwambia akate. Msumeno wa umeme umechomekwa. Akaniangalia akasema, "Nikikata hapa hairudi. Sema."

Niwaambie kisa kimoja cha kazini. Zamani kidogo, kwenye ofisi nisiyoitaja, nilikuta sehemu ya programu iliyoandikwa na mtu aliyekwisha ondoka. Ilikuwa mbaya, mistari kama mia mbili, na sikuona inaitwa na nani. Nikaifuta, nikajisikia mtu safi. Mwisho wa mwezi mishahara ya watu haikutoka, kwa sababu ile sehemu ilikuwa inaamka siku moja tu kwa mwezi. Tuliirudisha ndani ya saa moja kwa kuwa nakala zote za nyuma zilikuwa zimehifadhiwa. Chuma hakina nakala za nyuma. Na kiti hiki nacho kilikuwa kinaamka siku moja tu kwa mwezi, siku ya kliniki.

Nikamwambia achomoe msumeno.

Tulichofanya ni hiki. Fremu haikukatwa hata sentimita, na ile namba ya chasisi kwenye shingo hatukuigusa. Mikono imeteremshwa, madigadi ya mbele yamefupishwa (yale ya asili nimeyafunga kwenye gunia), tangi limepigwa msasa na kupakwa rangi ileile nyekundu, kwa hiyo logibuku haina ugomvi na mtu. Bati la kufunika cheni limebaki. Wanaojua kaferesa watanicheka, lakini wao hawakai karibu na chumvi ya bahari na vumbi la Mtopanga. Kiti kimekuwa kazi ya fundi bati na fundi wa kushona: ni kirefu kama cha asili, ila nusu ya nyuma imefunikwa na nundu ya bati inayoshikwa na bolti mbili. Ukizifungua, nundu inatoka, na mtu wa pili anakaa. Vikanyagio vya abiria viko pale pale vilipokuwa.

Je, hii bado ni kaferesa? Sijui na sijali sana. Wale vijana wa Ace walitoa kile ambacho maisha yao hayakukihitaji. Yangu mimi, hapa nilipo, bado yanahitaji nafasi ya mtu nyuma.

Jumamosi iliyopita ikawaka. Ilikohoa mara tatu, ikatoa moshi wa bluu, kuku wakakimbia, halafu ikatulia kwenye ule mlio ambao ndio uliotupa neno pikipiki. Nikafungua zile bolti mbili. Mjomba akavaa kofia ngumu, akapanda nyuma polepole na magoti yake, tukaenda mpaka barabara kubwa na kurudi. Hakusema neno njia nzima. Tulipofika nyumbani akashuka, akapapasa kiti, akasema, "Mikono umeiteremsha mno. Utaumwa na mgongo."

Ni kweli, unaniuma. Tuonane wiki ijayo na hifadhidata, inshallah.